Kusafiri kwa ndege kutoka Lamu au Malindi: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda

Tiketi ya ndege kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi huonyesha saa moja na dakika chache. Lakini mtu anayetoka nyumbani mtaa wa Langoni, Lamu mjini, na mizigo yake, akavuka kwa boti, akasubiri, akaruka, akachukua begi na kuingia katikati ya jiji, hutumia saa tano hivi. Zile saa karibu nne za ziada hazikuandikwa popote, na ndizo zinazowaponyoka watu: mwenye miadi ya daktari saa 8 mchana, mwenye ndege ya kwenda umra usiku ule ule. Hapa tunaonyesha jinsi ya kupata umbali wa kweli kati ya miji miwili, kuugeuza kuwa muda wa angani, kisha kujenga muda wa safari nzima kuanzia mlangoni pako. Andaa simu yenye kikokotoo, karatasi na kalamu.

Usianze na kilomita za barabara

Barabara ya Malindi hadi Lamu hupita Garsen, Witu na Hindi mpaka Mokowe, zaidi ya kilomita 220, na ukifika hapo bado una maji ya kuvuka. Ndege inaruka kilomita 142 tu. Tofauti hii imeletwa na Mto Tana: barabara inalazimika kuingia bara kufuata daraja la Garsen, kisha inarudi pwani. Malindi na Mombasa ni habari nyingine. Barabara ni kilomita 120 hivi, na angani ni 105, kwa sababu barabara inafuata ufuo karibu moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha kupunguza kilomita za basi zikawa kilomita za ndege. Wanaokata robo au theluthi kwa kukisia hupata jibu sahihi kwa njia moja na kukosea kabisa kwa nyingine.

Unachohitaji ni mahali uwanja ulipo kwenye ramani, kwa latitudo (kaskazini na kusini) na longitudo (mashariki na magharibi). Hivi hapa viwanja ambavyo watu wa Lamu na Malindi huvitumia sana, kila kimoja kwa nyuzi na dakika:

Manda (Lamu): 2°15′ kusini, 40°55′ mashariki
Malindi: 3°14′ kusini, 40°06′ mashariki
Moi, Mombasa: 4°02′ kusini, 39°36′ mashariki
Jomo Kenyatta, Nairobi: 1°19′ kusini, 36°56′ mashariki
Wilson, Nairobi: 1°19′ kusini, 36°49′ mashariki
Zanzibar (Unguja): 6°13′ kusini, 39°13′ mashariki
Jeddah: 21°41′ kaskazini, 39°09′ mashariki
Dubai: 25°15′ kaskazini, 55°22′ mashariki

Ukitaka uwanja mwingine, fungua programu ya ramani kwenye simu, tafuta njia ya kurukia ya uwanja huo na uibonyeze kwa kidole bila kuachia. Namba mbili zitatokea, kwa mfano -2.252, 40.913. Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza maana yake ni kusini mwa ikweta.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Namba 3°14′ na namba 3.14 si kitu kimoja. Uzi mmoja una dakika 60, kwa hiyo 3°14′ ni 3.233. Ukiiandika 3.14 kwenye kikokotoo, umeusogeza uwanja wa Malindi kilomita 10 kuelekea kaskazini. Chagua mtindo mmoja wa kuandika na usiuchanganye na mwingine. Ukitumia namba zenye nukta, zidisha tofauti zake kwa 60 upate dakika za hesabu ifuatayo.

Hesabu yenyewe

Kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa karibu na ikweta. Huku kwetu dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zina urefu unaokaribia kuwa sawa, maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Nahodha wa jahazi na rubani wa ndege wanapima kwa maili hiyo hiyo. Ulaya mambo hayawi hivi. Kule longitudo zimebanana na hesabu hii ingepotosha.

Tuchukue Lamu na Malindi. Tofauti ya latitudo: kutoka 2°15′ hadi 3°14′ ni dakika 59. Tofauti ya longitudo: kutoka 40°06′ hadi 40°55′ ni dakika 49. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 59 mara 59 ni 3,481, 49 mara 49 ni 2,401. Jumlisha, upate 5,882. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√), upate 76.7. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852 na umbali ni kilomita 142.

Sasa Lamu na Jomo Kenyatta. Latitudo zinatofautiana kwa dakika 56. Longitudo zinatofautiana kwa nyuzi 3 na dakika 59, yaani dakika 239. Mraba wake ni 3,136 na 57,121, jumla 60,257, kipeuo 245.5, na jibu ni kilomita 455. Ukienda Wilson badala ya Jomo Kenyatta, ongeza kilomita 12, kwa kuwa Wilson iko magharibi zaidi. Malindi hadi Jomo Kenyatta inatoka kilomita 411, Lamu hadi Mombasa 246, na Lamu hadi Zanzibar 480 kasoro kidogo. Umbali huo wa Zanzibar ni maili 259. Jahazi lenye upepo mzuri likienda maili sita kwa saa lingeupiga kwa saa 43 bila kutia nanga.

Kwa kuwa tumekata nyuzi mpaka dakika nzima, jibu linaweza kukosea kwa kilomita moja hivi. Kwa ndege hiyo ni sekunde saba au nane, usijisumbue nayo.

Ukivuka ikweta, latitudo hazitolewi, zinajumlishwa. Nairobi iko 1°19′ kusini na Jeddah 21°41′ kaskazini, kwa hiyo kati yao kuna nyuzi 23 kamili, dakika 1,380. Anayetoa badala ya kujumlisha anapata safari fupi kwa kilomita 290 hivi, na hataona chochote cha kumshtua kwa sababu jibu linaonekana la kawaida. Longitudo zinatofautiana kwa dakika 133, lakini kwa kuwa sasa tumepanda kaskazini, izidishe kwanza kwa kosini (alama ya cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati, nyuzi 10, ambayo ni 0.985. Inabaki 131. Mwisho wa hesabu ni kilomita 2,567. Vipimo vya kitaalamu vitakupa pungufu ya kilomita kama 10, kwa sababu dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Kwa miji iliyo mbali zaidi na iliyo upande, kama Dubai, tumia kanuni ya tufe. Geuza kikokotoo cha simu kilale ili alama za sin na cos zitokee, na hakikisha kimeandikwa DEG, yaani kinahesabu kwa nyuzi. Kikiwa RAD utapata upuuzi mtupu. Kisha: sini ya latitudo ya kwanza mara sini ya latitudo ya pili, jumlisha na kosini ya ya kwanza mara kosini ya ya pili mara kosini ya tofauti ya longitudo. Kusini iandike kwa alama ya kutoa. Kwa Nairobi na Dubai: latitudo ni -1.32 na 25.25, tofauti ya longitudo ni 18.43. Jibu linakuja karibu 0.848. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 32, zidisha kwa 60 kisha kwa 1.852. Ni kilomita 3,556.

Kutoka Manda hakuna haja ya kupima mstari wa moja kwa moja hadi Dubai, maana hakuna ndege inayopita mstari huo. Pima kipande kwa kipande: Lamu hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Dubai. Mstari mnyoofu unaochorwa na tovuti nyingi kati ya miji miwili ni kweli kwa tai, lakini kwa msafiri wa Lamu haumsaidii.

Kutoka kilomita hadi dakika

Gawanya umbali kwa mwendo wa ndege, zidisha kwa 60, kisha ongeza dakika za ardhini na za kupanda na kushuka. Nyongeza hiyo ndiyo inayosahaulika. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena. Ndani yake mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanda kwa mwendo mdogo, kuzunguka ili itue ikiukabili upepo, na Nairobi mara nyingi kungoja zamu.

Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan, inayochukua abiria kumi na kitu, huenda kilomita 310 hivi kwa saa. Iongezee dakika 10. Ndege ya pangaboi mbili kama ATR 72 au Dash 8 za mwanzo huenda kama 500. Iongezee 15 hadi 20. Dash 8 aina ya Q400 hufika 650, iongezee 20. Ndege ya jeti kama Boeing 737 au Embraer 190 huenda 830, iongezee 30. Lakini kwa safari fupi ya chini ya kilomita 600 hesabu jeti kwa 700, kwani haikai juu muda wa kutosha kufikia mwendo wake. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka.

Kwa hiyo Lamu hadi Jomo Kenyatta kwa ATR ni 455 gawanya kwa 500, dakika 55, na nyongeza ya 17: saa 1 na dakika 12. Kwa Q400 ni saa 1 na dakika 2. Lamu hadi Wilson kwa Caravan ni dakika 90 na 10, saa 1 na dakika 40. Malindi hadi Lamu kwa ATR ni dakika 17 za mwendo na karibu nyingine 17 za nyongeza. Nusu ya safari hiyo si mwendo hata kidogo. Ndiyo maana kwa masafa ya pwani yetu kulipa zaidi kwa ajili ya ndege ya kasi hakukupunguzii kitu cha maana. Kati ya ATR na Q400 hadi Nairobi unaokoa dakika 10, na hizo zinaweza kuliwa na foleni ya mabegi.

Angalia kama ndege inatua njiani. "Bila kubadilisha ndege" si sawa na "moja kwa moja". Ndege ya Nairobi–Malindi–Lamu ina namba moja na wewe unakaa kitini, lakini inaruka kilomita 411 kisha 142, jumla 553 badala ya 455, na katikati kuna dakika 20 hivi za kushusha na kupakia. Kwa ATR hiyo ni karibu saa mbili. Kuijua, angalia saa ya kuondoka na ya kufika: ikiwa Lamu hadi Nairobi inazidi saa 1 na nusu na ndege si ndogo, kuna kituo njiani.

Upepo nao una sehemu yake, ingawa si kubwa kama watu wanavyodhani. Kaskazi na kusi tunaouona kwenye matanga ni upepo wa chini. Huko juu karibu na ikweta upepo mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Hivyo ndege ya kwenda Nairobi husukumwa na inayorudi Lamu huzuiwa. Upepo wa kilomita 40 kwa saa humgharimu au kumpa ATR dakika 5 tu. Kwa Caravan ni jambo jingine. Ikisukumwa inafanya 350 na safari ya Wilson inakuwa dakika 80 bila nyongeza. Ikizuiwa inafanya 270 na inakuwa 104. Tofauti ya dakika 24 katika safari ile ile. Anayekwenda kukupokea Manda aambiwe hivyo.

Saa ya tiketi na saa yetu

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo. Toa 6: 13:00 ni saa 7 mchana, 07:10 ni saa 1 na dakika 10 asubuhi. Kuanzia 19:00 toa 18: 22:45 ni saa 4 na dakika 45 usiku. Ikiwa chini ya 07:00, ongeza 6: 00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku, 04:00 ni saa 10 alfajiri. Kila mwaka kuna wanaosoma 07:10 kama saa saba mchana na kufika uwanjani ndege ikiwa imeshatua kule ilikokwenda. Unapomsomea mzazi tiketi kwa simu, taja saa kwa Kiswahili na uongeze asubuhi, mchana au usiku. Usimsomee tarakimu kama zilivyo.

Hatari kubwa zaidi ni jina la siku. Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata Alhamisi baada ya jua kuzama. Kwenye tiketi siku hubadilika saa 6 usiku. Angalia nini kinatokea. Ndege ya "Ijumaa 00:40" iko usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya wazee, na mzee atakwenda kwa wakati; kijana anayeelewa "Ijumaa usiku" kama baada ya isha ya Ijumaa atachelewa kwa karibu siku nzima. Lakini ndege ya "Alhamisi 22:45" nayo ni usiku wa Ijumaa kwa mzee, na hapo atakayepotea ni mzee akiambiwa "usiku wa Alhamisi": kwake huo ni usiku unaofuata Jumatano, naye atakwenda siku moja mapema. Dawa yake ni kuandika kwa maneno: "Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 6 na dakika 40. Toka nyumbani Alhamisi." Andika siku ya kutoka nyumbani kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna tofauti ya saa kati ya nchi. Saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo wakati huo. Jeddah na Nairobi saa zao ni sawa. Dubai na Maskati wako mbele yetu kwa saa 1, London iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi chao. Ukienda mashariki, toa tofauti hiyo. Ukienda magharibi, ijumlishe. Ndege inayoondoka Nairobi 22:45 na kutua Dubai 04:45 inaonekana kama safari ya saa 6, lakini ni 5. Linganisha na hesabu yako: 3,556 kwa 830 ni saa 4 na dakika 17, na nyongeza ya 30 ni karibu 4 na dakika 50. Zikikaribiana hivi umesoma tiketi vizuri. Zikipishana kwa saa nzima kamili, moja au zaidi, umesahau saa za nchi au umegeuza upande.

Safari nzima, kwa kurudi nyuma

Anza na saa ya ndege na urudi nyuma mpaka mlangoni. Chukua ndege ya Manda ya 13:00, saa 7 mchana. Dawati la safari za ndani kwa kawaida hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla. Tuchukue 45, basi ni saa 6 na robo. Jipe dakika 45 za foleni na upimaji wa mizigo: uwe uwanjani saa 5 na nusu. Kuvuka kutoka gati la Lamu hadi Manda ni dakika 10 boti ikishang'oa, lakini boti ya abiria husubiri ijae, kwa hiyo hesabu 30. Uwe gatini saa 5 kamili. Kwenye mitaa yetu hakuna gari la kukuchukua mlangoni. Mizigo inakwenda na punda au kwa rukwama la hamali. Kutoka ndani ya Langoni au Mkomani weka dakika 20. Toka nyumbani saa 4 na dakika 40 za ukweli, au saa 4 na nusu ukiwa na mzee au mtoto. Anayekaa Shela akodishe boti moja kwa moja hadi Manda. Akipitia mjini kwanza atapoteza karibu nusu saa.

Mizigo ipime nyumbani. Ndege ndogo za Wilson nyingi huweka kikomo cha kilo 15 kwa abiria pamoja na mkoba wa mkononi, na hutaka begi laini, kwa kuwa sehemu ya mizigo ni ndogo na sanduku gumu haliingii. Kilo zikizidi kwenye ndege ya abiria kumi na wawili, uzito ule unahesabiwa kweli, hasa siku ya joto kali, hewa inapokuwa nyepesi. Begi lako linaweza kuachwa lije na ndege inayofuata.

Anayetoka Pate, Siyu, Faza au Kizingitini ana saa nyingine ya kutazama: saa ya maji. Njia ya boti hupita Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa huwa haifai kwa boti kubwa. Maji hupishana kila baada ya saa 6 na dakika 12 hivi, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kati ya saa 10 na 11, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na 5 asubuhi. Tazama linavyogongana: saa 4 asubuhi ndiyo unayotakiwa uwe njiani kuwahi ndege ya saa 7 mchana. Kwa hiyo siku za bamvua toka na maji ya alfajiri, au lala Lamu mjini usiku uliotangulia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni nafuu. Saa 4 au 5 asubuhi maji huwa yamejaa, japo si sana.

Wa Malindi hana maji ya kuvuka; uwanja uko karibu kabisa na mji, na saa moja na nusu kabla ya ndege inamtosha. Swali lake ni kama aondokee Malindi au aende Mombasa kwenye ndege nyingi zaidi. Njia ya kurukia ya Malindi ni fupi, haipokei ndege kubwa za kutoka Ulaya, na safari zake kwa siku ni chache. Lakini asihesabu kilomita 120 za barabara kama saa mbili. Kuna msongamano wa Mtwapa, kuna daraja la Nyali, na uwanja wa Moi uko upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo lazima apenye mji wote. Aweke saa tatu na nusu mpaka mlango wa uwanja. Akitoka Malindi saa 1 asubuhi kuifuata ndege ya Mombasa ya saa 6 mchana, atakuwa salama. Tiketi ya Mombasa ikiwa nafuu, atoe kwanza nauli ya barabara na muda huo ndipo aseme ni nafuu.

Nairobi ina viwanja viwili

Kati ya Wilson na Jomo Kenyatta kuna kilomita 12 au 13 kwa mstari, na barabarani zaidi. Njia ikiwa wazi ni nusu saa. Jioni kati ya saa 11 na saa 2 usiku weka saa 1 na nusu. Soma jina la uwanja kwenye tiketi zote mbili kabla ya kulipa. Neno "Nairobi" peke yake halikwambii kitu. Kama tiketi ni mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji na pesa zako hazirudi. Miezi ya Juni hadi Agosti mawingu mazito ya asubuhi Nairobi huchelewesha ndege za mapema, na ucheleweshaji huo hufika Manda mchana, kwa sababu ndege ile ile ndiyo inayokuja kukuchukua.

Mfano: unakwenda Jeddah, ndege inaondoka Jomo Kenyatta usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 4 na dakika 45 (22:45). Dawati la safari za nje hufungwa saa nzima kabla, lakini foleni ya pasipoti na ukaguzi ni ndefu, basi uwe hapo saa 2 kasorobo usiku. Ukiondoka Manda saa 7 mchana kwa Caravan unatua Wilson saa 8 na dakika 40, unalishika begi saa 9 na dakika 10, na hata barabara ikiwa mbaya unafika Jomo Kenyatta kabla ya saa 11 jioni. Ndege ya Manda ikichelewa saa mbili bado umo. Ukichukua ile ya saa 10 jioni, unatua saa 11 na dakika 40, unatoka na begi saa 12 na dakika 10, unaingia barabarani wakati mbaya kuliko wote, na unafika saa 1 na dakika 40, ukiwa na dakika 5 tu za akiba. Kama ndege ya mchana imejaa, ondoka Jumatano.